Grafu yangu ya kina cha ziwa imetoboka kama chandarua kuukuu, msaada wakuu

BintiMalaba · Jumatatu, saa 3:10 usiku

Wakuu salaam. Niko mwaka wa mwisho hapa Kampala. Mradi wangu ni kuchora sakafu ya ghuba moja ndogo ya Ziwa Victoria, upande wa Entebbe. Nimeshinda siku nne kwenye mtumbwi na kifaa cha kupima kina kwa sauti, shingo imebabuka kwa jua, nimerudi na pointi 412. Kila pointi ina longitudo, latitudo na kina kwa mita.

Nimetengeneza gridi ya 200 kwa 200 kwenye Python, nikapitisha `griddata` (inakadiria thamani kati ya pointi zilizopimwa), nikachora uso. Nilitarajia bakuli. Nilichopata ni bakuli lililotafunwa na panya: pembezoni hakuna kitu, na katikati kuna matundu matatu makubwa yenye kingo za pembetatu pembetatu. Nikichapisha matriksi naona `nan nan nan` mpaka macho yanauma.

Ninayekaa naye chumba ameniambia niweke sifuri. Nimeweka. Matundu yamezibika, ila sasa kuna minara mitatu inayosimama kutoka sakafuni mpaka usoni mwa maji. Msimamizi anataka picha Ijumaa. Nawasilisha.

---

chapati_mayai · saa 3:22 usiku

Weka eps dada, ile namba ndogo mno ya kuongezea usigawe kwa sifuri. Mimi mwaka jana kila kitu nilikuwa naongeza eps na nilifaulu vizuri tu. Hii hapa, kwa programu ya Octave:

```
[x, y] = meshgrid(-8:0.5:8);
r = sqrt(x.^2 + y.^2) + eps;
z = sin(r) ./ r;
surf(x, y, z)
```

Bila hiyo eps kofia inatoboka utosini. Ukiweka, safi.

---

Fundi_Namba · saa 3:48 usiku

@chapati_mayai wewe unatibu malaria kwa dawa ya meno. Yako ilikuwa fomula, ya kwake ni vipimo. Ziwa halina eps.

@BintiMalaba, kabla hujaziba chochote, angalia tundu limetoka wapi. NaN ni namna ya kompyuta kukiri kwamba hapa haina jibu. Ilipangwa rasmi kwenye IEEE 754, kanuni za namba za kompyuta, mwaka 1985, na ina tabia mbili ambazo lazima uzizoee. Ya kwanza, inaambukiza: jumlisha, zidisha, tafuta wastani, ikiwemo NaN moja tu jibu lote ni NaN. Ya pili, haiwi sawa hata na yenyewe. Ndiyo maana ukiandika `z == nan` hutaipata hata ukikesha. Tumia `isnan`.

Sasa upande wa picha. Grafu ya uso haichori pointi, inachora vigae. Kigae kina pembe nne, na pembe moja ikiwa NaN kigae kizima kinaachwa. Pointi moja ya ndani ni pembe ya vigae vinne, kwa hiyo ukipoteza pointi moja umepoteza vigae vinne. Tundu unaloliona siku zote ni kubwa kuliko kosa lililolizaa.

Ila yako umesema yana kingo za pembetatu, na hapo ndipo nimepata pa kushika. `griddata` ya `linear` huanza kwa kuunganisha pointi zako kwa pembetatu, kisha hukadiria ndani ya kila pembetatu kwa kutumia pembe zake tatu. Pembe moja ikiwa NaN, pembetatu zote zinazoigusa zinakufa. Nina wasiwasi NaN zilikuwemo tangu kwenye faili lako, hazikuzaliwa kwenye gridi. Hebu bandika mistari michache, muda na kina tu, usiweke mahali.

---

BintiMalaba · saa 4:05 usiku

Umeme umerudi sasa hivi. Hii hapa:

```
10:42:05, 6.8
10:42:15, 6.9
10:42:25, ---
10:42:35, ---
10:42:45, ---
10:42:55, 5.1
```

Sikuwa nimeziona hizo `---`. Nimehesabu, ziko 29.

---

Fundi_Namba · saa 4:11 usiku

Ndizo hizo. Kisoma faili chako kimekutana na `---`, kikashindwa kuigeuza namba, kikaandika NaN. Na ushukuru. Kuna visomaji kama `dlmread` ya Octave ambavyo vikikuta nafasi tupu vinaweka sifuri bila kusema neno. Ungepata minara yako ileile na usijue imetoka wapi.

Zitoe kabla ya kupiga pembetatu:

```
nzuri = ~np.isnan(kina)
pointi = pointi[nzuri]
kina = kina[nzuri]
```

Ukishazitoa, pembetatu zitaungana juu ya pengo kwa kutumia majirani wazima. Halafu utuambie saa hizo ulikuwa unapita wapi.

---

BintiMalaba · saa 4:30 usiku

Yamezibika yote matatu!! Asante sana kaka. Pembezoni bado ni kweupe.

Saa hizo tulikuwa tunapenya kwenye magugumaji. Mwenye mtumbwi alikuwa anayasukuma kwa kasia huku analalamika kuhusu bei tuliyopatana.

---

MwanaPwani_Ebb · Jumanne, saa 12:40 asubuhi

Nimeamka nikakuta uzi mtamu. Mimi ni mtu wa Lamu, riziki imenileta Entebbe, kazi yangu ni boti.

Binti, kifaa chako hupiga sauti chini na kusubiri mwangwi. Chini ya magugumaji kuna mizizi inayoning'inia kama ndevu, imejaa tope na vipovu vya hewa. Sauti inapotelea mlemle. Kifaa cha kiungwana kinakuandikia `---`. Kisicho na adabu kinakuandikia mita 0.6 na wewe unaamini. Kwa hiyo usiangalie `---` peke yake, angalia pia namba zilizo jirani nayo. Hiyo 5.1 baada ya 6.9 naitilia shaka.

Kwetu mahali kama hapo tunashusha bildi. Ni risasi nzito kwenye kamba, kamba ina vitambaa kila pima moja. Ukipaka mafuta mazito kwenye kitako inakuletea na tope, unajua chini ni mchanga au matope.

---

BintiMalaba · saa 1:15 asubuhi

Bildi! Bibi yangu wa Mombasa alikuwa nalo hilo neno, mimi nikadhani ni jina la samaki.

---

Mwl_Mstaafu · saa 3:00 asubuhi

Hamjambo wanangu. Nimefundisha hisabati upande wa Tororo miaka thelathini na moja, sasa nafuga nyuki. Sitaki kijana wa chapati aondoke hapa akidhani eps ni mafuta ya kupaka kila kidonda, kwa hiyo nivumilieni.

Hiyo sin(r)/r yake ilikubali kwa sababu pale sifuri kuna jibu ambalo kompyuta imeshindwa kulifikia kwa njia ya kugawanya. Weka r = 0.1 utapata 0.9983. Weka 0.01 utapata 0.99998. Kutoka upande wowote inakwenda kwenye 1. Tundu la namna hiyo huzibwa kwa haki, na mimi ningeandika wazi `z(r == 0) = 1` ili anayesoma ajue nimefikiri.

Sasa kijana, chukua hii: (1 − cos r)/r². Pale sifuri nayo ni NaN. Ongeza eps yako uone. Thamani ya eps ni kama 2.2 kwa kumi kipeo hasi 16. Cosine ya kitu kidogo hivyo, kompyuta inaiandika 1 kamili. Moja toa moja ni sifuri, na sifuri ukiigawa kwa chochote kisicho sifuri inabaki sifuri. Grafu yako itaziba, lakini pale katikati kutakuwa na sindano inayozama mpaka 0, wakati jibu la kweli ni nusu. Jaribu r = 0.1, utapata 0.4996. Umeondoa kompyuta inayosema «sijui» ukaweka inayodanganya kwa sura ya utulivu. Ukitaka hesabu isiyovunjika, andika kwa 2 sin²(r/2) juu ya r² na pale sifuri uweke 0.5.

Kuna ya tatu, na hii nilikuwa naiweka kwenye mtihani kila mwaka: xy/(x² + y²). Ukiijia sifuri kwa mhimili wa x unapata 0. Ukiijia kwa mstari y = x unapata 0.5. Kwa y = −x unapata −0.5. Hapo hakuna thamani ya kuweka. Namba yoyote utakayoichagua ni ya kubuni. Tundu hilo liache.

---

chapati_mayai · saa 3:20 asubuhi

Shikamoo Mwalimu. Nimeijaribu ya pili. Ile sindano nimeiona 😭 na sasa naogopa kufungua kazi zangu za mwaka jana.

---

Mwl_Mstaafu · saa 3:24 asubuhi

Marahaba. Usizifungue.

---

Kasese_Juu · saa 6:10 mchana

Naomba nidandie uzi, langu ni ndugu wa hili. Nachora Rwenzori kwa data ya SRTM, ile rada iliyorushwa na chombo cha Endeavour Februari 2000. Natarajia kilele cha Margherita, mita 5,109, juu kabisa. Napata mlima bapa kama meza wenye visima vinavyoshuka mita elfu thelathini na mbili chini ya ardhi.

---

Fundi_Namba · saa 6:25 mchana

−32768, siyo? Hiyo ndiyo namba ndogo kuliko zote kwenye namba kamili ya biti 16. Waliitumia kuweka alama ya «hapa hatukuona». Rada ilikuwa inatazama kwa ubavu, kwa hiyo nyuma ya miteremko mikali palibaki kivuli, na Rwenzori ni miteremko mitupu. Mlima wako haujawa bapa. Mhimili umenyooshwa kufika −32768, na mita elfu tano zimebaki ukanda mwembamba huko juu.

Badilisha kuwa NaN, ila angalia mtego. Ukisoma faili kama `int16` halafu ukaandika hivi kwenye Octave:

```
Z(Z == -32768) = NaN;
```

utapata sifuri, siyo NaN, kwa sababu namba kamili hazina mahali pa kuiweka NaN. Visima vitakuwa vya mita elfu nne badala ya elfu thelathini, na utadhani umepona nusu. Anza na `Z = double(Z);` (namba za desimali) ndipo ubadilishe.

---

Kasese_Juu · saa 6:41 mchana

Nilikuwa nimefika hapohapo kwenye sifuri, naandika malalamiko. Imekubali. Mlima umesimama, una madoa meupe machache upande wa magharibi. Nayaziba?

---

Fundi_Namba · saa 6:50 mchana

Doa la pointi mbili tatu, kadiria kutoka majirani. Doa la kilometa nzima kwenye genge, usilikadirie. Tafuta data nyingine ya eneo hilo uchomeke.

---

BintiMalaba · saa 2:00 usiku

Nimerudi kwenye pembezoni zangu. Nimesoma mahali kwamba `nearest` haiachi NaN, nikafanya hivi:

```
a = griddata(pointi, kina, (X, Y), method='linear')
b = griddata(pointi, kina, (X, Y), method='nearest')
tupu = np.isnan(a)
a[tupu] = b[tupu]
```

Hakuna tundu hata moja. Ila sasa ghuba yangu ina kuta kama birika la kuoshea gari. Ufukweni kuna kina cha mita 4 mpaka ukingo wa picha.

---

Fundi_Namba · saa 2:20 usiku

Msimbo uko sawa, ziwa ndilo haliko sawa. `linear` hukadiria ndani tu ya eneo lililozungukwa na pointi zako za nje kabisa, kama uzi uliovutwa kuzunguka misumari. Nje ya uzi ni NaN. `nearest` inakwenda nje kwa kurudia pointi ya mwisho uliyopima, na wewe ulipima mpaka wapi? Mtumbwi haukupanda nchi kavu.

Lakini kuna kitu unakijua bila kupima: penye ukingo wa maji, kina ni sifuri. Chora ufukwe kutoka picha ya satelaiti, chukua pointi kila baada ya mita 20 hivi, zipe kina 0, ziongeze kwenye zile za mtumbwi. Sasa ile sifuri uliyoambiwa Jumatatu imepata mahali pake halali.

Halafu kuna hatari ya upande wa pili, na hii hairushi NaN, kwa hiyo wengi haiwashtui. Ghuba ina rasi? Ule uzi unavutwa moja kwa moja, hauingii kwenye kona. Ukiwa na rasi inayochomoza, `griddata` itaikatiza na kukujazia maji juu ya nchi kavu. Hapo wewe mwenyewe ndiye wa kuweka NaN: chukua mpaka wa ufukwe kama poligoni, pointi zote za gridi zilizo nje yake zifute. `Path` ya matplotlib, maktaba ya kuchora ya Python, ina `contains_points`, kazi ya mistari mitatu.

Na kwa kuwa uko hatua chache kutoka ikweta, digrii ya longitudo na ya latitudo zote ni kama kilometa 111, kwa hiyo pembetatu zako hazijapinda. Wenzetu wa Ulaya lazima wageuze kuwa mita kwanza.

---

BintiMalaba · Jumatano, saa 5:30 asubuhi

Kaka, rasi ipo na kweli nilikuwa nimeifurikisha. Ina shamba la migomba la watu.

Sasa imekaa vizuri, isipokuwa kwamba ufukwe una meno kama msumeno, na rangi zote zimekuwa zambarau.

---

Fundi_Namba · saa 6:02 mchana

Rangi: matplotlib za zamani zilikuwa zinachanganyikiwa zikitafuta ndogo na kubwa kati ya NaN. Mpe mwenyewe `vmin=np.nanmin(a), vmax=np.nanmax(a)`.

Meno: `plot_surface` usipoiambia kitu inachukua mistari 50 tu kila upande. Gridi yako ni 200, kwa hiyo inaruka pointi nne nne, na kigae kimoja kinachogusa NaN kinaanguka na eneo la vigae kumi na sita. Weka `rcount=200, ccount=200`. Itachora polepole, nenda kanunue rolex (chapati ya mayai) ukirudi itakuwa tayari. Meno yatapungua, hayataisha, maana gridi ya mraba haiwezi kufuata ufukwe uliopinda.

---

Mwl_Mstaafu · saa 8:15 mchana

Kwa fomula meno hayo huisha kabisa ukibadili gridi. Nusu tufe, z = √(1 − x² − y²), ukiichora kwa x na y unapata kingo zilizoliwa na NaN nje ya duara. Mwenye MATLAB au Octave atapata namba changamano badala ya NaN, na `surf` itamkatalia. Ukitumia r kutoka 0 hadi 1 na pembe kutoka 0 hadi 2π, halafu x = r cos θ, y = r sin θ na z = √(1 − r²), kila pointi ya gridi iko ndani ya duara. Hakuna kilichotoboka kwa sababu hukuuliza swali lisilo na jibu.

Kwa ziwa, Binti, vumilia meno.

---

MwanaPwani_Ebb · saa 12:30 jioni

Mmeongea hesabu vizuri. Mimi narudi kwenye magugumaji. Mliziba matundu matatu kwa majirani. Majirani wa magugumaji ni nani? Ni pointi za ukingoni mwake, ambazo nilishasema zina harufu. Kesho asubuhi boti haina kazi mpaka saa nne. Bildi ninayo. Binti, njoo na daftari na rafiki mmoja, na jaketi la kujiokolea ni lazima.

---

BintiMalaba · Alhamisi, saa 1:40 usiku

Tumekwenda. Upepo ulikuwa umeyasogeza magugumaji karibu na gati, tukapima pale yalipokuwa siku ile. Tundu la kwanza: grafu ilikadiria mita 3.2, bildi imesema 3.4. La pili: 4.0 na 4.1. Nikaanza kuvimba kichwa.

La tatu grafu ilisema 4.9. Kamba ikaendelea kushuka. Kitambaa cha tatu kikazama, cha nne kikazama, ndipo ikagota: pima nne na kama shibiri moja na nusu, tumepima kwa futi kamba ikatupa mita 7.6. Kitako cha bildi kimekuja na tope jeusi laini. Tumerudia mara tatu mahali tofauti, kuna mfereji unapita pale, na ile 5.1 ilikuwa mizizi. Nimeifuta pamoja na nyingine nne za ukingoni.

Nimetuma picha mpya. Pointi za bildi nimeziwekea nukta nyeusi, na sehemu zilizokadiriwa tu nimezififisha rangi kama Mwalimu alivyoniandikia kwa ujumbe.

---

BintiMalaba · Ijumaa, saa 11:20 jioni

Mrejesho. Msimamizi ameiangalia muda mrefu bila kusema. Kisha akaweka kidole kwenye doa moja jeupe karibu na gati la watu binafsi, akauliza mbona hapa hukuziba. Nikamwambia hapo mlinzi alitufukuza siku zote tano, sina kipimo, na magati huchimbwa kwa hiyo majirani hawawezi kunisaidia. Akachukua kalamu akaandika pembeni: «Paache hivi.»

---

chapati_mayai · saa 11:26 jioni

Kwa hiyo eps haikutumika hata mahali pamoja?

---

BintiMalaba · saa 11:27 jioni

Hata pamoja. Ila rolex ya kusubiria grafu nilikula mbili.